Betri Nayo Ipelekwe Safari

Leo nina hoja moja tu, lakini nitaizunguka kidogo kabla ya kuifikia. Kama unaendesha gari wakati huu, macho yabaki barabarani, masikio tu ndiyo uniachie mimi.

Tangu mbio za dunia zirudi Kenya mwaka 2021, kombe la Safari Rally lilikwenda kwa Toyota mwaka baada ya mwaka hadi 2025. Alianza Sébastien Ogier, akafuata Kalle Rovanperä, kisha Ogier tena, Rovanperä tena, halafu Elfyn Evans. Mara mbili, 2022 na 2023, Toyota walijaza nafasi zote nne za mwanzo, Hyundai na Ford wakala vumbi. Kampuni yoyote ya magari ingetoa pesa nyingi kupata tangazo la namna hiyo. Ila nakuuliza: ni nani kati ya waliojipanga kando ya mkondo wa mbio wa Kedong, kule Naivasha, aliyerudi nyumbani akasema, haya, nimeona kwa macho yangu, kesho nanunua GR Yaris? Watu walifika Naivasha na Toyota zao tayari, Probox na Vitz na Fielder, wakaziegesha juani, wakatazama Toyota nyingine zisizoshirikiana nazo hata nati moja.

Probox hiyo, ukiniuliza mimi, ndiyo bingwa wa nyika ambaye hajawahi kuvishwa taji. Inabeba abiria kuliko viti vyake, inabeba magunia nyuma ya abiria, inapita njia ambazo gari la mashindano hupita likiwa na helikopta juu yake na kikosi cha mafundi kikilisubiri kambini. Jioni inaoshwa, asubuhi inaanza tena. Hakuna anayeipigia makofi.

Sasa ugomvi wangu na mbio za leo ni huu. Zamani zilikuwa zinatuambia tununue nini. Siku hizi hazituambii kitu. Na zimenyamaza wakati mbaya kabisa, maana mlangoni petu kumeletwa bidhaa mpya, gari la umeme, pikipiki ya umeme, basi la umeme, na kila muuzaji anatuapia kwamba mali yake ni imara. Imara kwa kipimo cha nani?

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1953. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Eric Cecil, mpenzi wa mbio, ambaye inasimuliwa kwamba alimwomba binamu yake Neil Vincent washindane katika uwanja wa Langa Langa, kule upande wa Gilgil. Vincent akakataa. Kuzunguka kiwanja kimoja kutwa nzima hakukuwa na ladha kwake. Kama ni kuendesha, waendeshe nchi kwa nchi. Kutokana na kukataa huko ikazaliwa East African Coronation Safari, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la kikoloni, na walioendesha walikuwa walowezi kwa sehemu kubwa. Tuliseme hilo wazi, tuendelee.

Kinachonivutia mimi ni kanuni zao. Magari yalitakiwa yawe yale yale yanayouzwa dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake hapa Afrika Mashariki. Kwa bei, msikilizaji, si kwa ukubwa wa injini. Gari la bei nafuu lilishindana na gari la bei nafuu mwenzake, na mwaka ule wa kwanza hapakuwa na mshindi wa jumla. Mtu aliyekuwa na akiba yake ya kununua gari aliweza kufungua gazeti akaona, kwa pesa kiasi hiki, gari gani limetoka salama na gani limeachwa porini likiwa limevunjika ekseli. Waandalizi huenda walidhani wanaanzisha mchezo. Ukweli ni kwamba walianzisha mwongozo wa mnunuzi.

Na mwongozo ule ulikuwa mkali. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyomaliza yalikuwa 7 vilevile. Barabara zilikuwa wazi kwa umma, mwendo wote ulikaribia kilomita elfu tano, na tarehe ilikuwa ya Pasaka, wakati masika yamekwisha kuingia na udongo mweusi umegeuka gundi. Ndani ya miaka hiyo Pijo 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Je, ni ajabu kwamba miaka iliyofuata teksi za masafa marefu katika nchi hizi zilikuwa Pijo, kwanza 404 na kisha 504, zikiwa zimesheheni watu na mizigo kati ya mji na mji? Sisemi kila aliyenunua alinunua kwa sababu ya kombe. Nasema kombe lile lilikuwa ushahidi uliotolewa kwenye barabara ambayo mnunuzi mwenyewe alikuwa akiipita.

Kisha wakaja Wajapani. Datsun walishinda 1970, wakashinda 1971, wakashinda 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Mehta huyo huyo akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mitsubishi walishinda na Joginder Singh 1974 na 1976. Kabla ya hapo gari la Kijapani lilikuwa likitiliwa shaka, bati jepesi, kitu cha kujaribia. Baada ya Mehta na Joginder ukisema hivyo mbele ya watu unachekwa.

Huyo Joginder nisimpite haraka. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, mtoto wa mwenye gereji. Mwaka 1965 aliposhinda kwa mara ya kwanza, akiwa na ndugu yake Jaswant kama msomaji ramani, Volvo aliyoendesha haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika na kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia, ikaachwa hapa, akaichukua na kuitengeneza. Kwa lugha yetu ya leo, Safari ya 1965 iliviponyoka viwanda vikubwa ikachukuliwa na mtumba. Lile lilikuwa gari ambalo mtu mwenye spana na akili aliweza kulifungua, kulielewa, kulifunga na kuliendesha kuwapita walioletewa mapya kutoka ng'ambo. Naomba uliweke hilo akilini, nitalihitaji.

Tuje sasa kwenye magari tuliyoonyeshwa Naivasha. Kuanzia 2022 mbio za dunia ziliingia katika mfumo mseto: injini ya petroli, pamoja na mota ya umeme ya kilowati 100 na betri ndogo ya kilowati-saa 3.9. Tuliambiwa michezo inaelekea kwenye umeme, na kwamba teknolojia itokayo mbioni itatufikia barabarani. Vizuri. Lakini kile kifaa cha umeme kilikuwa sanduku lililofungwa, linatengenezwa na kampuni moja ya Ujerumani kwa timu zote, na mafundi wa timu wenyewe hawakuruhusiwa kulifungua. Gari lilibeba taa maalumu: ikiwaka kijani unaweza kuligusa, ikiwaka nyekundu kaa mbali. Fundi wa Toyota, aliyelipwa kuelewa kila kitu ndani ya gari lile, alikuwa anasimama mbele ya sanduku hilo kama mgeni mlangoni.

Na baada ya misimu mitatu likatolewa. Kuanzia 2025 magari makuu ya mbio za dunia yalirudi kutumia injini peke yake. Gharama zilikuwa kubwa, uzito ulikuwa mkubwa, timu zilichoka. Kanuni zilizopangwa kuanza 2027 zinaweka kikomo cha bei ya gari, euro 345,000, na nguvu ya kuanzia bado ni injini inayochoma mafuta, ingawa ni mafuta maalumu yasiyochimbwa ardhini.

Wapo wanaoshangilia, wakisema umeme umeshindwa. Mimi sikubaliani nao, wala sikubaliani na wale wanaolia. Kilichoshindwa ni namna moja ya kuuonyesha umeme. Angalia na wengine. Formula E, mbio za magari ya umeme za mjini, zilifika Cape Town Februari 2023, António Félix da Costa akashinda, mwaka uliofuata hazikurudi. Extreme E, mbio za magari ya umeme za nyikani, walikwenda Senegal mwaka 2021, pale Lac Rose, wakafika na meli yao wenyewe, na hata umeme wa kuchajia magari walikuja na mtambo wao. Audi walishinda mbio za Dakar za 2024 huko Saudi Arabia, Carlos Sainz akiwa usukani, na magurudumu kweli yalizungushwa na mota za umeme. Ila ndani ya gari kulikuwa na injini ya petroli ya kuzalisha umeme huo njiani. Sisi watu wa huku tunakijua kitu hicho: walibeba jenereta. Sikejeli uhandisi wao, ulikuwa wa hali ya juu. Nasema tu kwamba hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyejibu swali la mwenye bodaboda wa Kisumu au Morogoro.

Kinachonichoma zaidi ni mahali penyewe. Mkondo wa mwisho wa Safari kwa miaka hii umekuwa Hell's Gate, na Hell's Gate ndipo palipo Olkaria, ambapo mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Mabomba makubwa yanapita kati ya majabali, twiga wanakula kando yake. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo visivyochoma mafuta, na jotoardhi ndilo fungu kubwa kuliko yote. Usiku, watu wakiwa wamelala na matumizi yameshuka, visima vile havilali. Mwaka 2023 Kenya iliweka hata bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Yaani nishati iko chini ya matairi ya magari yale, na mafuta yao yanaagizwa kutoka nje.

Basi umeme wenyewe umetufikia kwa njia gani? Haukupitia kwa matajiri, kama wengi walivyotarajia. Tuwaone wengine kwanza. Huko Norway, ambako karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, serikali iliondoa kodi kwa miaka mingi na watu wa kawaida wakaona hesabu inakaa sawa. Uchina, kampuni ya BYD, iliyoanza mwaka 1995 ikitengeneza betri kabla hata ya kuunda gari lolote, imekua hadi kuwatisha wakongwe wote bila kushinda mbio yoyote ya maana. Wajapani walijenga jina kwa vumbi, Wachina wanalijenga kwa bei. Ethiopia nayo ilichukua njia yake: mwanzoni mwa 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Unaweza kuiita ujasiri au unaweza kuiita haraka. Mimi naiona ni hesabu ya nchi yenye mito mingi ya kuzalishia umeme na dola chache za kununulia mafuta.

Kwetu umeme umeingia kwa pikipiki na kwa basi. Kigali walianza mapema, kampuni ya Ampersand ikiwa na vituo vya kubadilishia betri: unaingia na iliyoisha, unatoka na iliyojaa, dakika mbili hivi. Nairobi kuna pikipiki za Roam, kuna za Spiro, kuna mabasi ya BasiGo yanayopita kwenye njia za matatu bila kelele wala moshi. Uganda walikuwa wametangulia kwa namna yao: wanafunzi na walimu wa Makerere waliendesha Kiira EV mwaka 2011, na sasa Kiira Motors wanaunda mabasi Jinja. Dar es Salaam wamechukua njia nyingine kidogo. Treni yao ya umeme ilianza kubeba abiria 2024, lakini barabarani kilichoshika kasi ni gesi asilia, bajaji na teksi zikipanga foleni kwenye vituo vya kujaza mitungi. Mtanzania mwenye bajaji ya gesi hana haja ya kuhubiriwa kuhusu betri. Amepiga hesabu yake, gesi ni ya nyumbani na bei anaijua.

Halafu kuna mlango wa nyuma, ambao ndio mkubwa kuliko yote: mtumba. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15, na mengi yanayoingia yanatoka Japani kwa sababu usukani wake uko kulia kama wetu. Maana yake, mnunuzi wa Tokyo anatuchagulia gari letu miaka kadhaa kabla sisi hatujaliona. Akinunua Nissan Leaf leo, kesho kutwa itakuwa Mombasa bandarini.

Leaf hiyo ni mfano mzuri wa shida ninayoisemea. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010, betri yake ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24, na haikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji au gesi. Ilitegemea upepo na bahati. Joto huichosha. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki, na kila betri inavyozeeka ndivyo vinavyopungua. Sasa, mnunuzi wa petroli anajua kuogopa maili zilizorudishwa nyuma. Je, anajua kwamba kompyuta ya betri nayo inaweza kusahaulishwa, vijistari vikarudi 12 kwa muda, akauziwa betri ya mzee kwa bei ya kijana? Mafundi wajanja huchomeka kifaa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, wakasoma hali halisi kwa programu ya simu iitwayo LeafSpy. Lakini ni wangapi?

Tupige hesabu moja ya barabara. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kuna kama kilomita 480, na unapanda takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kuinua tu gari la tani moja na nusu hadi kimo hicho, ukiacha upepo, ukiacha matairi, kunahitaji karibu yuniti 7 za umeme, yaani kilowati-saa 7. Kwa Leaf ya kwanza ikiwa mpya, hiyo ni zaidi ya robo ya betri iliyoliwa na mlima peke yake. Upande wa pili wa hesabu ni mtamu: ukiteremka, mota inageuka kuwa mashine ya kuzalisha, na sehemu ya nguvu hiyo inarudi. Mteremko wa kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, ambao madereva wa malori wanaujua kwa harufu ya breki zinazoungua, kwa basi la umeme ni mahali pa kuokota chaji. Haya si mambo ya kusoma kwenye karatasi ya mauzo iliyochapishwa Shenzhen au Yokohama. Karatasi hiyo haijui Mtito Andei.

Wenye kampuni watasema wamekwisha kujaribu. Ni kweli, na wengine wamefanya mambo ya kusifika. Mwaka 2024 pikipiki ya Roam iliendeshwa kutoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kama kilomita 6,000, ikichajiwa kwa umeme wa jua. Niliposoma habari zake nilifurahi kabisa. Ila ilikwenda yenyewe, kwa ratiba yake yenyewe. Mtihani wa mwanafunzi mmoja peke yake, hata akiwa hodari, haumsaidii mzazi anayechagua shule.

Ndiyo hoja yangu, msikilizaji, tumeifikia. Nataka mbio. Zisiwe za dunia, zisisubiri idhini ya wakuu wa mbio wa Paris wala Geneva. Nataka tuchukue kanuni za 1953, tuzivue jina la Malkia, tuzivishe betri. Vyombo vinavyouzwa dukani au bandarini, madaraja kwa bei. Daraja la pikipiki, daraja la bajaji, daraja la gari la mtumba, daraja la basi. Ndugu zetu wa Dar walete na za gesi, wapewe daraja lao, maana sina ugomvi na gesi na ningependa kuona hesabu zikiwekwa kando kwa kando.

Njia nimeifikiria. Ianze Mombasa, ipande hadi Voi, ikate kushoto kwa Tanzania kupitia Taveta, Moshi, Arusha, irudi Namanga na Nairobi, iteremke Mai Mahiu, ipite Nakuru na Eldoret, ivuke Malaba, iishie Kampala. Chombo kibebe mzigo wake wa kawaida. Bodaboda ibebe abiria na gunia, si kijana mwembamba aliyevaa nguo za kubana. Basi lijae. Kuchaji kuwe mahali popote penye umeme ambapo mwananchi angechajia, na muda wa kuchaji uhesabiwe kama muda wa safari. Kama kampuni inatumia vituo vya kubadilishia betri, vizuri, ila vituo viwe vile vilivyopo siku zote, visiletwe kwa lori usiku wa kuamkia mbio.

Kipengele ninachokishikilia kuliko vyote ni cha matengenezo. Chombo kikiharibika njiani, kitengenezwe na fundi wa mji wa karibu, kwa vifaa na spea zinazopatikana pale. Kama haiwezekani, kiandikwe kimeshindwa. Hapa ndipo namkumbuka Joginder na Volvo yake. Ukienda Grogan leo, pale Kirinyaga Road jijini Nairobi, utapata mtu anayeweza kufungua gia ya Subaru huku akizungumza nawe habari za siasa. Muulize, fundi, hii betri ikifa seli moja utaibadilisha? Baadhi wameanza kujifunza, kwa ujasiri na kwa hatari, maana volti 350 si za mchezo. Lakini betri nyingi zinakuja zimefungwa, programu zake zina nywila, na pikipiki za kukodi betri zinategemea mtandao wa kampuni moja. Kampuni ikifunga virago, mwendesha boda anabaki na chuma. Watengenezaji wanasema wanafunga kwa ajili ya usalama. Nawaelewa, moto wa betri ni moto mbaya. Lakini sanduku lililowashinda mafundi wa mbio za dunia, tusilipandishe kwenye bodaboda ya mkopo tukadhani litakuwa na huruma.

Mwisho wa njia betri zipimwe hadharani, kabla na baada, tuone nani amepoteza nini. Matokeo yasomwe redioni kwa bei, kwa kilomita, kwa shilingi zilizotumika. Hilo la redio najipigia debe, nakubali.

Najua kuna atakayeuliza burudani iko wapi, gari lisilo na sauti litapendwa na nani. Vijana wa Subaru, ambao mapenzi yao yalipata moto zaidi Colin McRae alipoleta ile Impreza ya buluu na kushinda 1997, hawatanisamehe kwa urahisi. Kwao ekzosi ni nusu ya gari. Nawapenda, ingawa wanapopita mtaani saa nane za usiku upendo hupungua. Phineas Kimathi, aliyewahi kushindana mwenyewe, alimpa mwanawe jina la McRae, na kijana huyo akaja kushiriki Safari ya mbio za dunia. Kwa hiyo sauti ile ina watu wake na historia yake, wala sitaki Naivasha ifungwe. Iendelee. Mbio zangu ni nyingine, na burudani yake ni ile ya 1963: kujua nani kafika.

Imebaki tarehe. Rafiki zangu wengi niliowaeleza wananishauri Agosti au Januari, barabara zikiwa kavu, isije betri ikaingia maji tukawavunja moyo wawekezaji. Mimi nasema Aprili, wiki ile masika yamekolea na Tsavo imejaa matope mekundu. Betri ya kuogopa mvua ya Aprili itatumika miezi mingapi kwa mwaka? Mwenye tarehe bora aiandike aitume hapa studio, nitaisoma wiki ijayo kabla ya salamu.